Joshi na Demani: Upepo Kama Unavyotajwa Chomboni

Katika lugha ya vyombo vya tanga vya pwani ya Afrika Mashariki, joshi ni ule upande wa chombo unaopokea upepo kwanza, na demani ni upande wa pili, ambako upepo hutokea baada ya kuvuka chombo na kulijaza tanga. Maneno haya mawili, ambayo ndiyo mada ya mazungumzo haya, hayataji pembe yoyote ya dunia. Yanataja uhusiano wa chombo na upepo kwa wakati ule unaozungumziwa, na kwa hiyo chombo kikigeuka, ubavu uliokuwa joshi dakika chache zilizopita huwa demani, ingawa upepo wenyewe haukubadilika hata kidogo. Baharia anayepiga kelele kwamba kuna mwamba demani hajaeleza kama mwamba huo uko mashariki au magharibi, lakini ameeleza jambo lililo zito zaidi kwa saa hiyo, kwamba upepo unakisukuma chombo kwenda kwenye mwamba.

Ili uzito wa istilahi hizi uonekane vizuri, inafaa kwanza kuitazama njia nyingine ya kuutaja upepo, ile inayojulikana zaidi hata kwa watu wasiowahi kupanda chombo, yaani kuutaja kwa upande wa dunia unakotoka. Kaskazi, upepo wa msimu unaovuma takriban kuanzia Desemba hadi Machi, hutoka kaskazini mashariki. Kusi, unaovuma kuanzia Aprili hadi Septemba au Oktoba, hutoka kusini. Na majina ya pande zenyewe, kaskazini na kusini, yameundwa kutokana na majina ya pepo hizo, kwa maana kwamba mtu wa pwani aliigawa dunia kwa kufuata pepo zake. Pepo ndogo za kutwa nazo zina majina ya namna hiyo hiyo: matlai ni upepo utokao upande wa mawio ya jua, na umande, mbali na maana yake ya matone ya asubuhi, ni upepo mwanana wa alfajiri utokao nchi kavu, ambao wavuvi hutwekea matanga kwenda baharini, wakitegemea upepo wa mchana utokao baharini uwarudishe pwani.

Kanuni ya njia hii ni moja, nayo haina budi kushikwa barabara kwa sababu wengi huikosea: upepo hutajwa kwa unakotoka, lakini mkondo wa maji hutajwa kwa unakokwenda. Upepo wa kaskazini ni ule utokao kaskazini, ilhali mkondo wa kaskazini ni maji yanayokwenda kaskazini, na tofauti hii ina mantiki ya kibaharia ndani yake, kwa kuwa baharia huutazama upepo kule unakotokea, ambako wingu na mvua vitaonekana kwanza, na huuliza kuhusu mkondo ni wapi utakapompeleka. Mkondo wa bahari unaopita mbele ya pwani ya Tanzania huelekea kaskazini mwaka mzima, hivyo kaskazi inapovuma kwa nguvu hukutana nao uso kwa uso, na mawimbi yanayotokana na mkutano huo huwa mafupi na yenye kusimama wima, mabaya kwa chombo kidogo kuliko mawimbi marefu ya kusi yanayosafiri pamoja na maji. Mtu anayefikiri kwamba upepo wa kaskazini na mkondo wa kaskazini ni vitu vinavyokwenda pamoja ataielewa bahari hiyo kinyume kabisa.

Hata hivyo, kuutaja upepo kwa upande wa dunia kuna mipaka yake. Kusi yenyewe haina nyuzi moja ya dira inayoweza kutajwa kwa pwani nzima: mbele ya Mtwara na Mafia hutoka kusini mashariki, ikikaribia Ikweta huwa karibu kusini halisi, na ikishavuka Ikweta hupinda na kuwa upepo wa kusini magharibi unaovuma hadi Bara Arabu na India. Kupinda huko husababishwa na mzunguko wa dunia, unaouelekeza upepo mkono wake wa kushoto katika nusu ya kusini ya dunia na mkono wake wa kulia katika nusu ya kaskazini, huku joto la bara la Asia katika miezi hiyo likiuvuta upepo kutoka bahari ya kusini. Kwa hiyo anayesema kusi ametaja majira, tabia ya bahari na upande wa jumla, mambo yanayotosha kwa kupanga safari ya mwezi mzima. Kwa kukiongoza chombo dakika baada ya dakika inatakiwa lugha ya pili.

Lugha hiyo ya pili imejengwa juu ya mwili wa chombo chenyewe. Upepo utokao mbele huitwa upepo wa omo, kwa kuwa omo ndiyo sehemu ya mbele ya chombo. Utokao nyuma ni wa tezi, sehemu ya nyuma aliko mshika usukani. Na methali isemayo kwamba kwenda tezi na omo marejeo ni ngamani, yaani ndani ya tumbo la chombo yanakokusanyika maji, inamkumbusha msikilizaji kwamba majina ya viungo hivi yalikuwa maneno ya kila siku hata kwa watu wa nchi kavu. Joshi na demani hukamilisha picha hiyo kwa upepo wa ubavuni, na asili yake katika matumizi ni pembe mbili za tanga. Tanga la chombo cha pwani hufungwa kwenye foromali, ule mti mrefu unaoning'inia kwa mshazari katika mlingoti. Pembe yake ya chini ya mbele hufungwa kwa kamba iitwayo joshi au goshi, na pembe yake ya nyuma huvutwa kwa kamba iitwayo demani, ambayo baharia huilegeza au kuikaza kulingana na nguvu ya upepo. Pembe ya mbele hukaa upande unakotoka upepo na pembe ya nyuma hutanuka upande unakokwenda, na hivyo jina la kamba likawa jina la upande. Edward Steere, aliyekuja kuwa askofu wa Unguja, katika kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili cha mwaka 1870 aliandika istilahi hizi kwa sauti alizozisikia kwa mabaharia wa wakati huo, likiwemo neno goshini kwa maana ya upande wa upepo. Neno la Kiajemi daman, lenye maana ya pindo la vazi, halipo mbali na pembe ya nyuma ya tanga, inayopeperuka kama pindo, na si ajabu kwamba bahari iliyosafirishwa na Waajemi, Waarabu, Wahindi na Waswahili kwa karne nyingi ilikuwa na maneno yaliyohama kutoka chombo hadi chombo.

Mfano wa Unguja unaonyesha jinsi maneno haya yanavyofanya kazi ambayo dira haiifanyi. Wakati wa kusi, chombo kilichotia nanga mbele ya mji, upande wa magharibi wa kisiwa, kina kisiwa kizima joshini mwake, na kisiwa hicho kinakikinga na upepo na mawimbi kiasi kwamba maji ya bandarini hubaki tulivu wakati bahari ya nje imechafuka. Chombo kingine kikiwa nje ya Jambiani au Makunduchi, upande wa mashariki, kwa saa hiyo hiyo na kwa upepo huo huo, kina kisiwa hicho hicho demanini, na mwamba wa matumbawe uliouzunguka ufuo huo ndio mahali ambapo upepo unataka kukifikisha. Baharia wa chombo cha kwanza anakitazama kisiwa kama kinga, wa pili anakitazama kama hatari, na wote wawili wanatumia neno linaloeleza hivyo bila kuongeza sentensi ya pili. Mabaharia wa mataifa yote yanayosafiri kwa tanga huiogopa nchi iliyo demani kuliko bahari kuu iliyochafuka, kwa kuwa bahari kuu ina nafasi ya kukimbilia.

Mambo ya kila siku chomboni nayo hupangwa kwa pande hizi. Maji yanayoingia chomboni hufuliwa na kumwagwa demani, kwa sababu yakimwagwa joshi upepo huyarudisha usoni mwa anayeyamwaga. Moshi wa jiko huachwa uende demani. Na chombo kinapolala kwa nguvu ya upepo, ubavu wa demani hushuka karibu na maji na ule wa joshi huinuka, hivyo watu na mizigo midogo huhamishiwa joshi ili kukiweka sawa. Kwenye ngalawa, ambayo ina mirengu miwili ya mbao ubavuni, baharia hutoka na kusimama juu ya mti wa mrengu wa joshi, akiwa nje ya chombo kabisa, akishikilia kamba na kutumia uzito wa mwili wake mwenyewe. Na katika mashua za Lamu hutokezwa ubao mrefu upande huo huo, watu wakae juu yake wakati chombo kinakimbia. Upepo ukilegea ghafla, watu hao hawana budi kurudi ndani upesi, maana uzito uliokuwa unakiokoa chombo sasa ungekipindua upande mwingine.

Matumizi yenye utaalamu mkubwa kuliko yote ni yale ya kugeuza chombo. Hakuna chombo cha tanga kinachoweza kwenda moja kwa moja kule unakotoka upepo. Nahodha anayetaka kufika huko hubisha, yaani huenda kwa mshazari upepo ukiwa ubavu mmoja, kisha hugeuka na kwenda mshazari wa pili upepo ukiwa ubavu wa pili, na kila mgeuko humsogeza kidogo upande wa joshi. Kiswahili cha baharini kinatofautisha njia mbili za kugeuka. Kupindua kwa joshi ni kuiinua omo hadi ielekee upepo na kuivusha upande wa pili, njia fupi isiyopoteza masafa. Kupindua kwa demani ni kuiangusha omo mbali na upepo, kukizungusha chombo mpaka upepo uwe wa tezi, kisha kukiinua tena upepo ukiwa ubavu mwingine, njia ndefu ambayo hurudisha nyuma sehemu ya masafa yaliyopatikana kwa kazi ngumu.

Jahazi kubwa, pamoja na hasara hiyo, hupindua kwa demani, na sababu iko kwenye foromali. Tanga lake hukaa mbele ya mlingoti upande wa demani, na kama chombo kingepinduliwa kwa joshi, upepo ungelipiga tanga kutoka nyuma na kulibamiza mlingotini, ambapo halishushiki wala halilegezeki, na mlingoti ungeweza kuvunjika. Kwa hiyo wakati wa kupindua nahodha huiondoa omo kwenye upepo. Demani hulegezwa kabisa, tanga likapepea mbele ya chombo kama bendera. Mabaharia huivuta ncha ya chini ya foromali hadi kwenye mlingoti ili mti huo usimame wima. Wengine huikamata demani na kuizungusha, pamoja na pindo lote la tanga, kupita mbele ya foromali hadi upande wa pili. Kisha ncha ya chini hupelekwa tena mbele na kufungwa joshi mpya, na demani huvutwa nyuma mpaka tanga lishike upepo. Kamba zinazoushikilia mlingoti nazo hufunguliwa na kuhamishiwa upande uliogeuka kuwa joshi, kwa kuwa upande wa demani hazina kazi. Yote haya hufanywa chombo kikiwa kinayumba, na iwapo mmoja ataiachia demani isivyo wakati wake, tanga zima huruka na kamba yake inaweza kumjeruhi au kumtupa mtu baharini. Alan Villiers, baharia na mwandishi wa Australia aliyesafiri mwaka 1938 na 1939 katika jahazi la Kuwait liitwalo Bayan, chini ya nahodha Ali bin Nasr al-Nejdi, kutoka Arabuni hadi Unguja na Rufiji kupakia boriti za mikoko, aliishuhudia kazi hii mara nyingi na kuieleza kwa heshima inayostahili, kwa kuwa yeye mwenyewe alikuwa ametumikia merikebu kubwa za matanga za Ulaya.

Demani ina maana ya pili ambayo msikilizaji wa pwani huenda anaifahamu zaidi kuliko ile ya kwanza, nayo ni jina la majira. Majira ya demani ni kipindi cha mwisho wa kusi, takriban kuanzia mwishoni mwa Agosti hadi mwanzoni mwa Novemba, wakati upepo wa kusini umepungua nguvu na bahari imetulia. Kipindi hiki kilikuwa na thamani kubwa katika biashara ya Bahari ya Hindi. Vyombo vilivyoshuka na kaskazi kutoka Maskati, Ghuba na Kachi vilikuwa na milango miwili ya kurudi kwao: mwanzo wa kusi, kati ya Aprili na Mei, kabla haijapamba moto, na demani, baada ya kusi kuvunjika nguvu. Katikati ya milango hiyo, hasa Juni na Julai, upepo karibu na Sokotra na pwani ya magharibi ya India huwa mkali mno na bandari nyingi za huko zilifungwa, na nahodha aliyechelewa mlango wa kwanza alilazimika kukaa Unguja, Mombasa au Lamu akisubiri wa pili.

Kusubiri kwa hesabu kulihitaji kalenda, na kalenda ya Hijria haikufaa kwa kazi hiyo, kwa kuwa mwaka wake hufuata mwezi na hurudi nyuma takriban siku 11 kila mwaka ukilinganishwa na majira ya jua. Mabaharia wa pwani walitumia mwaka wa jua unaoanzia siku ya Nairuzi, ambao watu wa Makunduchi bado wanaufungua kwa sherehe ya Mwaka Kogwa kila mwezi wa Julai, wakazihesabu siku zake kwa miongo, yaani mafungu ya siku kumi kumi, hadi miongo 36 na siku chache za kukamilishia. Kwa hesabu hiyo nahodha aliweza kusema safari yake ianze mwongo gani baada ya Nairuzi, na akawa amesema upepo gani utakuwa unavuma. Ahmad ibn Majid, rubani mashuhuri wa karne ya 15 aliyetoka Julfar katika Ghuba, alitumia namna hiyo hiyo ya kuhesabu siku za Nairuzi alipoandika nyakati za kufaa kusafiria kati ya Afrika, Arabuni na India.

Gharama ya kupuuza hesabu hizo ilimpata Vasco da Gama. Mreno huyo aliondoka Malindi tarehe 24 Aprili 1498 akiwa na rubani aliyepewa huko, kusi ikiwa imeanza, akafika karibu na Kalikuti tarehe 20 Mei, safari isiyotimia wiki nne. Wakati wa kurudi hakungoja kaskazi ishike. Aliondoka kisiwa cha Anjediva mwanzoni mwa Oktoba, upepo ukiwa ama umekufa ama unatoka anakokwenda, na akaiona pwani ya Afrika mwanzoni mwa Januari 1499, baada ya karibu miezi mitatu na baada ya mabaharia wake wengi kufa kwa ugonjwa wa kiseyeye. Bahari ni ile ile na masafa ni yale yale. Safari moja ilikuwa na upepo tezini, ya pili ilikuwa nao omoni.

Sheria ya kisasa nayo imejengwa juu ya joshi na demani. Kanuni za Kimataifa za Kuzuia Migongano Baharini za mwaka 1972, katika kanuni ya 12, zinaagiza kwamba vyombo viwili vya tanga vikikaribiana kwa hatari ya kugongana huku kila kimoja kinapata upepo ubavu tofauti, kinachopata upepo ubavu wa kushoto ndicho kinachopisha. Na vikiwa vinapata upepo ubavu mmoja, kilicho joshini hukipisha kilicho demanini. Haki iko wazi katika agizo hili la pili, kwa kuwa chombo cha joshi kina upepo wake huru na nafasi ya kugeuka, ilhali kile cha demani kinaweza kunyang'anywa upepo na tanga la mwenzake na kubaki bila nguvu ya kujiongoza. Kanuni hiyo hiyo inaufasili upande wa joshi kuwa ni ule ulio kinyume na upande linakochukuliwa tanga kuu, maelezo ambayo yeyote anayeijua kamba ya demani angeyatoa bila kusoma kitabu.

Taarifa za hali ya hewa zinazosomwa redioni hutumia njia ya kwanza peke yake. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania inapotoa tahadhari ya upepo unaozidi kilomita 40 kwa saa na mawimbi yanayozidi mita 2 kwa mikoa ya Lindi, Mtwara, Dar es Salaam, Pwani na Tanga pamoja na visiwa vya Unguja, Pemba na Mafia, hutaja upande wa dunia na nguvu, na ndivyo inavyopaswa, kwa sababu mtabiri hawezi kujua kila chombo kimeelekea wapi. Kazi ya kuzigeuza taarifa hizo ziwe joshi na demani humbakia aliye chomboni, na mvuvi wa Jambiani akisikia kusi ya kilomita 40 kwa saa anatakiwa kuifanya kazi hiyo tofauti na mvuvi wa Bububu, ambaye kisiwa kimemkinga, ingawa wote wawili wamesikia taarifa moja. Ingekuwa jambo jema sana kama watangazaji wa pwani wangeongeza sentensi moja inayotaja fuo zipi siku hiyo ziko wazi kwa upepo na zipi ziko kivulini mwake, kwa maana taarifa ya jumla huwafikia watu ambao maisha yao yako upande mmoja tu wa kisiwa.

Wapo wanaodhani kwamba mashine za kufunga nyuma ya boti zimeyaondolea haja maneno haya. Boti ya mashine kweli huenda moja kwa moja kule unakotoka upepo bila kubisha, lakini mashine ikizima, boti hiyo huwa chombo kisicho na tanga wala usukani unaofanya kazi, na hupelekwa demani kwa kasi ya upepo na mawimbi, kwa kawaida ikiwa imegeuka ubavu. Ndiyo maana nahodha mwangalifu wa boti ya mashine, anapolazimika kupita karibu na mwamba, huchagua kupita upande wake wa demani, ili mwamba ubaki joshini mwake na mashine ikimkatikia upepo umchukue mbali nao. Na pale njia inapomlazimu kupita upande wa joshi, huiweka nanga tayari omoni, kamba yake ikiwa imekunjuliwa na ncha yake imefungwa, kabla hajaukaribia.